Anna Komnene: Binti wa maliki aliyeona haya kuyaandika maneno ya wazushi

MSOMAJI aliyewahi kuupitia Utenzi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani kule Pate mwaka 1728, bila shaka analikumbuka jina la Herekali. Katika utenzi huo Herekali ni maliki wa Rumi, adui mwenye majeshi mengi na mji wenye kuta ndefu. Mtu huyo si wa kubuni. Ni Heraclius, aliyetawala Constantinople kuanzia mwaka 610 hadi 641. Na hiyo Rumi ya washairi wetu wa pwani si Roma ya Italia, bali ni himaya ya Kikristo ya mashariki ambayo wanahistoria huiita Byzantium. Makao yake makuu ndiyo Istanbul ya leo, nchini Uturuki.

Tenzi zetu, hata hivyo, humtazama maliki huyo kutoka nje ya kuta zake. Ndani ya kuta hizo mambo yalikuwaje? Nani aliruhusiwa kusema na nani alizibwa kinywa? Mtu mmoja aliyetuachia jibu refu la swali hilo ni mwanamke aliyezaliwa katika jumba la kifalme la mji huo zaidi ya miaka 400 baada ya Herekali kufariki. Jina lake ni Anna Komnene. Aliandika historia ya vitabu 15 kuhusu utawala wa babake, na hadi leo hakuna anayeweza kuandika habari za Vita vya Msalaba vya kwanza bila kumrejelea. Lakini si vita ninavyotaka kuvisimulia hapa. Ni namna alivyosimama kati ya washairi wa kale aliokatazwa kuwasoma na wazushi wa dini ambao babake aliwafunga na kuwachoma moto.

Anna alizaliwa alfajiri ya Jumamosi, mwanzoni mwa Disemba 1083, katika chumba kilichoitwa Porphyra, yaani chumba cha zambarau. Chumba hicho kilitengewa malkia wanapojifungua, na mtoto aliyezaliwa humo wakati babake yu madarakani alijulikana maisha yake yote kuwa amezaliwa katika zambarau. Anna aliionea fahari sifa hiyo na kuitaja mara kwa mara. Anasimulia kwamba mamake, Eirene Doukaina, aliposhikwa na uchungu siku tatu kabla, alichora ishara ya msalaba juu ya tumbo lake na kumwamuru mtoto asubiri mpaka babake arudi kutoka vitani. Mtoto akasubiri. Mwenyewe aliichukulia hadithi hiyo kuwa ishara kwamba utiifu wake kwa wazazi ulianza tumboni. Tutaona jinsi utiifu huo ulivyokuja kutiliwa shaka.

Babake, Alexios Komnenos, hakuwa amerithi kiti. Alikuwa jemadari kijana aliyeasi na kuuteka mji mkuu Aprili 1, 1081, siku ya Alhamisi Kuu, na siku tatu baadaye, Jumapili ya Pasaka, akatawazwa. Askari wake walipoingia mjini waliwapora Wakristo wenzao, wakavamia hata makanisa. Dhambi hiyo ilimwelemea Alexios. Kwa siku 40 alivaa gunia chini ya joho la kifalme, akalala chini na kufunga, yeye pamoja na jamaa zake. Binti yake anaieleza toba hiyo kwa heshima kubwa. Mimi naiona pia kuwa ufunguo wa mengi yaliyofuata. Mtu aliyeingia madarakani kwa njia kama hiyo alihitaji sana kuonekana kuwa mlinzi wa imani, na haukupita mwaka kabla hajampata wa kumwonyeshea ulinzi huo.

Huyo alikuwa John Italos, mzaliwa wa Italia aliyehamia Constantinople na kuwa mwanafunzi wa Michael Psellos, msomi maarufu kuliko wote wa zama zile. Psellos alipojitenga na kuingia utawani, Italos ndiye aliyekalia kiti cha mkuu wa wanafalsafa. Vijana walimiminika darasani kwake kusikiliza Plato, Aristotle na wafuasi wao. Mnamo Machi na Aprili 1082 alifikishwa mbele ya maliki na sinodi ya kanisa. Zilitolewa laana 11 dhidi ya mafundisho aliyohusishwa nayo: kwamba roho huhama kutoka mwili hadi mwili, kwamba mata ni ya milele, na kadhalika. Laana mojawapo inamhusu kila asomaye vitabu vya Wagiriki wa kale si kwa ajili ya elimu tu bali kwa kuyakubali yaliyomo. Zote zikaingizwa katika waraka unaosomwa makanisani Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, siku iliyowekwa tangu mwaka 843 kuadhimisha kurejeshwa kwa picha takatifu. Italos mwenyewe akapelekwa kwenye nyumba ya watawa.

Hayo yalitokea mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla Anna hajazaliwa. Hakumwona Italos akifundisha, lakini katika kitabu chake amemchora kana kwamba alikuwapo. Kichwa kikubwa, paji la uso lililotokeza, Kigiriki kilichopindwa na lafudhi ya Kiitaliano, na hasira. Akishindana kwa hoja, anasema Anna, Italos humtumbukiza mwenzake katika shimo la maswali, kisha ngumi humpata mwenzake kabla ya jibu. Halafu yeye mwenyewe hulia na kuomba msamaha. Ni picha ya kuchekesha, na ndiyo maana inafaa tuisome kwa tahadhari. Mtu akishachekwa, hoja zake hazihitaji tena kujibiwa.

Kuna jambo jingine. Laana hiyo juu ya vitabu vya kale iliingia hadi nyumbani kwa mlaani. Baada ya Anna kufariki, Georgios Tornikes aliandika hotuba ndefu ya kumsifu, na humo amefichua siri ya ujanani mwake. Wazazi wake walimruhusu elimu nyingi, lakini mashairi waliyaogopa. Waliona kwamba Homer na wenzake, pamoja na miungu yao mingi na visa vyao vya mapenzi, ni hatari kwa yeyote na ni hatari zaidi kwa binti ambaye hajaolewa. Kwa hivyo Anna alijifunza kisiri. Alikuwapo towashi mmoja wa ikulu aliyekuwa na elimu hiyo, naye binti wa maliki akawa anaiba nafasi wazazi wakiwa hawaangalii na kufundishwa sarufi na mashairi. Wapo miongoni mwetu waliowahi kuficha riwaya chini ya kitabu cha hesabu, watamwelewa. Tofauti ni kwamba mtu aliyefichwa kitabu hicho alikuwa ndiye aliyesimamia laana.

Mamake alikuwa msomaji pia, ila wa vitabu vingine. Anna anakumbuka jinsi Eirene alivyokuwa akiketi mezani na maandiko ya Maximus, mwanateolojia mgumu wa karne ya saba, chakula kikiwa tayari. Siku moja binti alimuuliza alivyothubutu kutazama mambo yaliyo juu kiasi hicho. Mama akamjibu kwamba naye hutetemeka anapoyasoma, lakini hawezi kujibandua. Anna avute subira, aanze kwa vitabu vingine, kisha atauonja utamu huo. Nadhani ni mojawapo ya kurasa nzuri kabisa katika historia yote ile, na Anna ameiweka katikati ya sura inayomlaani Italos.

Mambo ya siasa yalimwendea kombo mapema. Akiwa mchanga alichumbiwa na Constantine Doukas, mwana wa maliki mmoja wa awali, na majina yao wawili yakawa yakitajwa katika shangwe za ikulu. Alilelewa kwa muda na mamake mchumba huyo, Maria wa Alania. Kisha, Septemba 1087, alizaliwa mdogo wake wa kiume, John. Mwaka 1092 John akatawazwa kuwa mshirika wa babake katika ufalme. Constantine akapoteza nafasi yake na baada ya miaka michache akafariki. Mnamo 1097 hivi Anna aliozwa Nikephoros Bryennios, askari mwenye elimu, mwenye sura na maneno mazuri, ambaye babu yake aliwahi kuasi akitaka kiti na kushindwa na Alexios mwenyewe. Ndoa hiyo iliyofunga jeraha la koo mbili ilidumu takriban miaka 40. Walizaa watoto kadhaa. Ni wakati huo huo ambapo majeshi ya Wafaranki yalipita Constantinople yakielekea Yerusalemu, na binti huyo wa miaka 13 akamwona Bohemond, jitu la Kinormani ambalo hakulisahau katika maisha yake.

Mnamo 1114 Alexios alikaa kwa muda Philippopolis, mji ulio Bulgaria leo kwa jina la Plovdiv. Humo waliishi Wapaulikia, watu walioamini kwamba kuna asili mbili, ya wema na ya uovu, na ambao himaya ilikuwa imewahamishia huko kutoka mipaka ya mashariki. Maliki aliwaita viongozi wao, Kouleon, Kousinos na Pholos, akajadiliana nao kutwa nzima, wakati mwingine hadi usiku. Wengi wa wafuasi walibatizwa na wakajengewa mji mpya wenye mashamba. Kouleon hatimaye alikubali, lakini wenzake wawili hawakukubali, wakatiwa korokoroni mjini Constantinople. Katika majadiliano hayo maliki alisaidiwa na watu wawili ambao Anna anawataja kwa fahari. Mmoja ni mumewe. Wa pili ni Eustratios, askofu wa Nicaea, ambaye Anna anamsifu kwa elimu yake ya dini na ya dunia.

Eustratios alikuwa amesoma kwa Italos. Na mwaka 1117, miaka mitatu tu baada ya Philippopolis, yeye mwenyewe alishtakiwa kwa uzushi kutokana na hoja alizoziandika juu ya ubinadamu wa Kristo alipokuwa akibishana na Waarmenia. Maliki na patriaki walijaribu kumwokoa, naye akayakana maandishi yake, lakini maaskofu hawakukubali. Alizuiwa kutumikia kanisa. Hivyo mtu aliyetumwa kuwarudisha wazushi aligeuzwa mzushi kwa sababu ya hoja zile zile alizotumia kazini. Katika historia ya Anna, sifa za Eustratios zimo. Kuanguka kwake hakumo. Kimya hicho hakikutokana na usahaulifu. Aliandika baada ya zaidi ya miaka 30, na alimjua mtu huyo vizuri mno.

Alexios alifariki Agosti 15, 1118. Anna alikuwa kando ya kitanda. Alijua utabibu, alihudhuria mabishano ya madaktari, alimshika babake mkono na kuhesabu mapigo mpaka yakakoma. Wakati huo John alikuwa ameshaondoka kwenda kuliwahi jumba kuu la kifalme. Waandishi wengine wanasema alikuwa amechukua pete ya babake. Anna halisemi hilo waziwazi. Anasema tu kwamba mrithi aliondoka, na kumwachia msomaji kupima.

Kuhusu yaliyofuata, hadithi iliyoenea ni ya Niketas Choniates, aliyeandika zaidi ya nusu karne baada ya Anna kufariki. Anadai kwamba Anna alipanga njama ya kumpindua nduguye ili Bryennios atawale, na kwamba Bryennios alilegea usiku wa tukio na kumfanya mkewe alaani maumbile yaliyompa yeye mwili wa kike na mumewe wa kiume. Anaongeza kwamba John alimnyang'anya dada yake mali na kutaka kumpa rafiki yake John Axouch, mateka wa Kituruki aliyelelewa ikulu, lakini Axouch akakataa na kumsihi amsamehe. Kwa karne nyingi watu wameimeza hadithi hiyo bila kutafuna. Mwaka 2016 mwanahistoria Leonora Neville alionyesha jinsi ushahidi wake ulivyo mwembamba, na mimi naelekea upande wake kwa sehemu. Kwamba palikuwa na uhasama wa urithi ni dhahiri. Kwamba Anna alikuwa simba jike mwenye kisu ni kauli ya mtu aliyeandika wakati himaya yenyewe ilikuwa imeshaanguka mikononi mwa Wafaranki mwaka 1204, naye akitafuta mahali ufisadi ulipoanzia.

Lililo hakika ni kwamba Bryennios aliendelea kumtumikia shemeji yake na kupigana chini ya bendera yake, ilhali Anna aliishi kando ya nyumba ya watawa ya Kecharitomene, iliyoanzishwa na mamake. Hakuwa mfungwa wa minyororo. Lakini anasema kwamba kwa miaka 30 hakuonana wala kuzungumza na marafiki wa babake, baadhi yao kwa kuwa wamekufa, wengine kwa woga.

Humo ndani alifanya kazi ambayo wasomi wa falsafa wanamshukuru hadi leo. Aliwakusanya wanafalsafa na kuwaagiza waandike fafanuzi za vitabu vya Aristotle ambavyo havikuwa vimefafanuliwa. Eustratios, aliyefungiwa na kanisa, alikuwa mmoja wao. Alifafanua sehemu za kitabu cha maadili. Michael wa Ephesus alikuwa mwingine, na Tornikes anasema alimsikia mzee huyo akilalamika kwamba macho yake yaliharibika kwa kufanya kazi ya Anna usiku kwa mwanga wa mshumaa. Kwa hiyo mwanamke ambaye kitabu chake kinamcheka Italos ndiye aliyemlisha mwanafunzi wa Italos na kumpa kazi. Utafutaji wangu wote wa tabia ya Anna huishia hapa: kalamu yake inakubaliana na babake, ilhali mfuko wake unatenda vingine.

Bryennios alirudi kutoka Syria mnamo 1138 akiwa mgonjwa, akiwa na historia ya Alexios aliyoianza kwa kuombwa na mama mkwe wake. Hakuimaliza. Alifariki, na mjane wake, aliyekuwa amepita umri wa miaka 50, akaichukua kazi hiyo.

Jina alilokipa kitabu chake linasema mengi. Shairi la Homer la vita vya Troy, mji ulioitwa pia Ilion, linaitwa Iliad. Kitabu cha Anna cha habari za Alexios kinaitwa Alexiad. Ni nathari, si shairi, lakini kimevaa nguo za shairi. Homer hurejelewa humo mara nyingi kuliko mshairi mwingine yeyote. Majemadari wa karne ya 11 wanatembea kwa maneno ya Achilles na Hector. Hila za Alexios, ambazo adui angeziita uongo, zinapata heshima ya Odysseus. Mamake anafananishwa na Athena. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Malenga wetu akitaja Firauni au Karuni kwa neno moja, hadhira humalizia kisa chenyewe kichwani, na asemaye amesema zaidi ya alichotamka. Anna alijua hadhira yake ilikariri Homer tangu shuleni. Mashairi aliyoyaiba utotoni yakawa lugha ya kumsemea yaliyo magumu. Anapolia mwishoni mwa kitabu juu ya vifo vya babake, mamake na mumewe, anamkumbuka Niobe, mama wa kwenye ngano aliyegeuka jiwe kwa majonzi, na kushangaa kwa nini yeye angali hai na anahisi. Ndugu yake hatajwi katika kilio hicho. Hahitaji kutajwa.

Tukio ambalo Anna ameliweka karibu kabisa na mwisho wa kitabu, kama taji la kazi za babake, ni kuchomwa kwa Basil. Kwa tarehe halikuwa la mwisho. Patriaki Nicholas, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa angali hai. Anna alilisogeza kwa makusudi.

Wabogomil walianzia Bulgaria katika karne ya 10, wakipewa jina la kasisi wao wa kwanza. Walifundisha kwamba ulimwengu huu unaoonekana ni kazi ya Shetani. Waliukataa msalaba, picha takatifu, ubatizo wa maji, ekaristi na makanisa ya mawe. Sala yao ilikuwa Baba Yetu. Walivaa kama watawa, wakala kidogo, wakasema kwa upole, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuwatambua. Dini yao iliingia hadi katika nyumba kubwa za Constantinople. Mmoja wao, Diblatios, aliteswa mpaka akamtaja kiongozi: Basil, tabibu mzee, mrefu, mkondefu, mwenye kanzu ya mtawa, aliyezungukwa na wanafunzi 12 walioitwa mitume.

Alexios hakumkamata. Alimwalika. Yeye na nduguye Isaac walimpokea kwa heshima, wakala naye, wakamwambia wanatamani kuwa wanafunzi wake. Basil alisita mwanzoni, kisha akafunguka. Alieleza yote: kwamba makanisa ni makao ya pepo, kwamba mafumbo ya madhabahuni hayana thamani. Nyuma ya pazia alikuwa ameketi karani akiandika kila neno. Alipokwisha, pazia likavutwa. Wakaonekana maseneta, majemadari, na viongozi wa kanisa wakiwa na patriaki wao. Basil hakukana lolote. Alisema yuko tayari kwa moto na mijeledi.

Anna anakiita kitendo hicho werevu wa babake. Naamini msomaji wengi wa leo watakiita kwa jina jingine, kwani kumlisha mtu mezani ili umtoe maneno ya kumuua ni jambo ambalo hata mila za zamani hizo, zilizoheshimu mgeni, hazikulipenda.

Wafuasi waliokamatwa walijaribiwa kwa moto miwili uliowashwa uwanjani, mmoja ukiwa na msalaba kando yake. Waliambiwa wote watakufa, lakini atakaye kufa Mkristo aelekee kwenye msalaba. Waliouelekea waliachiliwa huru papo hapo. Wengine walirudishwa gerezani. Basil alitengewa shimo la moto katika uwanja wa mashindano ya farasi, mbele ya umati. Alicheka, akasema malaika watamwokoa. Alipouona ule moto kwa karibu alianza kubadilika: aligeuza macho, akapiga makofi, akajipiga paja. Walitupa kwanza joho lake ndani. Akasema linapaa mbinguni. Kisha wakamtupa yeye. Umati ukataka na wenziwe watupwe, Alexios akakataa, nao wakafia vifungoni.

Ukurasa huo umeandikwa kwa chuki, lakini yule mzee anayejipiga paja mbele ya moto hawezi kuwa amebuniwa na mtu mwenye chuki tupu. Anna amemwacha awe binadamu, huenda bila kukusudia.

Sasa linakuja jambo lililonifanya niandike makala haya. Baada ya kutangaza uzushi huo, msomaji anangoja kuelezwa Basil alifundisha nini hasa. Anna anakataa. Anasema angependa kueleza, ila anazuiwa na haya, na neno hilo la kuzuiwa na haya anasema ni la Sappho, yule mshairi mzuri. Kwani yeye ingawa ni mwanahistoria, ni mwanamke, aliyezaliwa katika zambarau, kifungua mimba wa Alexios. Atakaye kujua na akasome kitabu cha mtawa Euthymios Zigabenos, ambaye maliki alimwagiza kukusanya mafundisho yote ya wazushi pamoja na majibu yake.

Sappho alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Lesbos, aliyeishi yapata miaka 600 kabla ya Kristo na kutunga nyimbo za mapenzi; kwa hakika ndiye mmoja wa wale ambao wazazi wa Anna wangekuwa wa kwanza kumpiga marufuku. Anna anamtwaa huyo ili kuthibitisha adabu yake. Lakini kuna zaidi. Maneno hayo yamehifadhiwa na Aristotle katika kitabu chake cha balagha, na humo si Sappho anayeyasema. Ni Alcaeus, mshairi mwanamume, anayemwambia Sappho kwamba ana jambo la kusema lakini haya zinamzuia. Sappho anamjibu kwa kumkemea: kama nia yake ingekuwa njema, haya zisingemfunika macho, angelisema wazi.

Je, Anna alikosea? Mwandishi wa zama zile alinukuu mengi kwa kichwa, na kuteleza kulikuwa rahisi. Lakini huyu ndiye mwanamke aliyewalipa watu kumfafanua Aristotle, na aliwaandikia wasomaji waliojua mahali pa kutafuta. Ikiwa alijua, basi aliwaachia jibu la Sappho wamalizie wenyewe, kama hadhira ya malenga inavyomalizia kisa. Na jibu hilo linamgeukia nani? Huenda ni Basil, mwenye maneno yasiyosemeka mbele ya watu. Huenda ni mwandishi mwenyewe, anayejitanda haya katika mahali ambapo ilimpasa aeleze kwa nini mzee yule alichomwa. Mimi huisoma kwa njia ya pili, ingawa siwezi kumlazimisha mwenzangu.

Anna alifariki katika miaka ya 1150, baada ya kuvaa vazi la utawa akiwa mahututi. Tornikes alitunga hotuba yake ya sifa mnamo 1155 hivi, ambamo towashi wa mashairi na macho ya Michael yametajwa. Nakala ya Alexiad iliyoandikwa kwa mkono katika karne hiyo hiyo ya 12 ingali inahifadhiwa Florence, Italia, na tafsiri kamili ya kwanza kwa Kiingereza ilitolewa mwaka 1928 na mwanamke, Elizabeth Dawes.

Vitabu vya Wabogomil wa Constantinople havikusalimika. Kilichosalimika ni kile cha Zigabenos, ambacho Anna alimwelekeza msomaji wake. Humo, aya kwa aya, katikati ya majibu ya kuyapinga, yamo mafundisho ya Basil ambayo binti wa maliki aliona haya kuyaandika.